Resori za Muzee

Pikipiki nyingi za Goma mbele zina mabomba mawili yenye mafuta ndani, na mwenye nayo haulizi zaidi. Ya Akonkwa ilikuwa na miguu miwili ya chuma na resori, yaani springi, mbili nene zilizokaa wazi chini ya taa, zikipanda na kushuka mbele ya macho ya watu. Sehemu hiyo aliiunda mwenyewe, akifuata picha ya babu yake aliyesimama kando ya pikipiki ya padri mmoja kule upande wa Bukavu, zamani sana. Vijana wa Majengo walimcheka, wakaiita Muzee. Naye, kwa kiburi chake, akaliandika jina hilo kwa rangi nyeupe kwenye tangi.

Wala kazi yake haikuwa chuma. Akonkwa alikuwa fundi wa chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vinavyoteremsha magunia ya viazi na makaa hadi mjini. Mbao alizijua kwa kuzigusa tu. Chuma alikipenda, na kupenda si kujua.

Mkewe Dorine alipofikisha miezi sita ya mimba, mtaa wa Mabanga ulikuwa umeshaanza kumwita Papa Ange, maana jina la mtoto lilichaguliwa mapema, awe wa kike au wa kiume. Mtu akiitwa hivyo kabla ya wakati hutembea kifua mbele, na Akonkwa alitembea hivyo. Kilichomnyima raha ni barabara. Mawe ya volkano hayana adabu, na kila asubuhi alipompeleka Dorine kwenye meza yake ya vitenge kule Majengo, kila jiwe lilimwuma moyoni.

Basi akaamua kuzilainisha resori, na hapo ndipo ujuzi wake ulipomponza. Ubao wa chukudu ukiwa mgumu, unaupunguza kwa randa nao unaanza kupinda na kutii. Akafikiri chuma nacho ni vivyo hivyo. Akafungua resori, akakata mizunguko mitatu kwa kila moja, akaziba nafasi iliyobaki kwa vipande vya bomba, akafunga. Siku mbili nzima alitoa jasho na hakumwuliza mtu. Angemwuliza nani, yeye mwenye Muzee?

Jumamosi akampakia Dorine taratibu, kama anayepanga mayai. Njia nzima alikuwa akigeuza shingo.

"Unasikia? Iko laini?"

"Iko laini," Dorine alijibu nyuma yake. "Ni sawa na kitanda."

Akonkwa akacheka peke yake mpaka Majengo. Viwiko vilikuwa vikimwuma, lakini akayalaumu mawe.

Jumatatu uchungu ukamshika Dorine. Jumanne Ange alizaliwa hana pumzi, msichana mwenye nywele nyingi. Muuguzi aliwaambia mambo kama hayo hutokea tu, na kwamba hakuna anayeweza kusema sababu. Walimzika, na tangu siku hiyo Mabanga nzima ikarudi kumwita Akonkwa kwa jina lake. Walifanya hivyo kwa huruma, lakini huruma ile ilimkata maini. Dorine naye hakupanda tena pikipiki. Alisema siku hizi anapenda kutembea.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja mchana, fundi mkongwe, Mzee Wenceslas, ambaye ametengeneza pikipiki tangu Akonkwa hajaota meno, alimsimamisha njiani ili aitazame ile ajabu. Akauegemea usukani kwa uzito wake wote. Resori hazikushuka.

"Nani alikata hizi resori?"

"Njo miye, muzee. Nilitaka zikuwe laini."

"Laini?" Mzee akatikisa kichwa. "Mutoto wangu, resori ukiikata inakuwa ngumu zaidi. Mizunguko mingi njo inaleta ulaini. Chuma si mbao."

Alicheka kidogo, bila ubaya, kama fundi anavyomcheka fundi mwenzake. Kisha akauona uso wa Akonkwa, akauachia usukani.

Akonkwa aliisukuma pikipiki hadi nyumbani, maana hakuthubutu kuiwasha. Dorine akijua, atarudi kwao, na atakuwa na haki. Asipojua, mimi nitakula chakula chake kila siku nikiwa mwongo. Aliyawaza hayo mawili njia nzima, na hakuna alilolichagua. Alimkuta uani akichambua maharagwe, akafungua kinywa amsalimie, na badala ya salamu yakatoka yote.

Dorine hakuinua kichwa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ilikuwa ngumu. Niliisikia tangu kwa kona ya kwanza. Kila jiwe lilinipiga hapa."

"Juu ya nini hukusema nisimame?"

"Ulikuwa unauliza na furaha. Siku mbili ulitumika sababu yangu. Nikasema nisikuvunje roho, Majengo haiko mbali." Vidole vyake vilikuwa vimeyaacha maharagwe. "Niliungama kwa padri. Nilimwambia miye njo nilimuua mutoto, juu ya uongo moja."

Akonkwa alikaa chini, vumbini. Alikuja kuhukumiwa, kumbe mkewe alikuwa ameshajihukumu peke yake, humo humo nyumbani, huku akimpikia na kumchotea maji ya kuoga. Alilia kwa sauti na hakujali majirani.

Dorine akaisukuma sinia pembeni, akaja kuketi karibu yake. Mbele yao pikipiki ilisimama na resori zake fupi.

"Niulize tena," akasema. "Vile uliniuliza siku ile."

Akonkwa akageuza shingo, kama siku ile.

"Unasikia? Iko laini?"

"Hapana, Papa Ange," Dorine akasema. "Inauma. Inauma sana."