Liki za Msituni Chini ya Miringa

Kiunga alipokwenda Amerika kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, mkewe Nelius alibaki na shamba lao la chai juu ya mji wa Runyenjes, na binti yao Lydiah akaenda shule ya bweni. Walizungumza Jumapili, baada ya kanisa. Kwa kawaida Kiunga hakuwa na mengi: kazi, baridi, tena kazi. Lakini mwaka mmoja, theluji ilipoyeyuka, alipiga simu amechangamka.

"Mama Lydiah, leo wenzangu wamenipeleka msituni. Kuna liki zinazomea zenyewe kivulini. Majani mapana, harufu ya kitunguu na saumu pamoja. Tumezikaanga na mayai. Nilikukumbuka mpaka chakula kikanishinda."

Nelius alikaa na maneno hayo juma zima. Tangu mumewe aondoke, hawakuwa wameonja ladha moja, yeye huku na mumewe kule.

"Nitumie mbegu," alimwambia.

Zilifika mwaka uliofuata, mvua za Machi zikianza, mfukoni mwa Stephen, mwanakwaya mwenzao aliyerudi kutoka Amerika kumzika babake. Zilikuwa nyeusi, ndogo, zinang'aa. Nelius akateremka hadi kijitoni, chini ya miti ya miringa ambako jua halifiki, akazipanda na kuzifunika kwa majani makavu. Kila akitoka kuchuma chai alipita pale, akainama na kufunua kidogo. Mvua zikaisha. Ukungu wa Julai ukaja. Hakuna kilichoota.

"Zinataka baridi kali, tena ya muda mrefu," Kiunga alieleza kwenye simu. "Huku kwetu zinalala chini ya theluji."

Nelius akaiondoa simu sikioni, akaitazama. Kiunga akaita, "Haloo? Umepotea?"

"Niko," alisema. Lakini bado alikuwa akilisikia hilo "huku kwetu"; kwao palikuwa hapa.

Hata hivyo kesho yake alichekecha udongo kwa vidole, akaokota mbegu alizoweza kuziona, akazitia katika kopo la mchanga wenye unyevu na kwenda kwa Gladys, aliyeuza soda sokoni.

"Niwekee kwenye friji."

"Mchanga?" Gladys alicheka. "Wateja wataniuliza nauza nini siku hizi."

"Waambie ni wa Baba Lydiah."

Gladys akaacha kucheka. Akasogeza chupa, akatenga nafasi ya kopo nyuma kabisa, penye baridi zaidi.

Mvua za Oktoba zilipoanza, Nelius alirudisha mbegu palepale chini ya miringa. Asubuhi moja alifunua majani akaona kijani chembamba kama uzi, kimoja tu. Alipiga magoti matopeni na kumpigia Kiunga, ingawa haikuwa Jumapili.

"Imeota."

"Kweli?" Sauti yake ilikuwa nzito kwa usingizi. "Usiikate, Nelius. Hukaa miaka sita, saba, ndipo iliwe."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake kwa muda mrefu.

"Na wewe utakaa mingapi?"

Alimsikia akipumua, na mbali zaidi, gari likipita barabarani kwake.

"Sijui," Kiunga alisema. "Nisingependa kukudanganya."

"Sawa."

Hakukata simu, wala Kiunga hakukata. Nelius aliibana simu kati ya sikio na bega, akaanza kuchomeka vijiti kuzunguka kile kimea, kuku wasije wakakichakura.