Asubuhi Tuliyokuwa Tisa

Siku ya tano ya matanga ya Evyatar, tulihesabiana sebuleni kwa Naftali, baba yake, tukajikuta tisa. Kwetu sisi Wayahudi, kadishi, ile sala ya wafiwa, haisemwi mpaka wanaume watimie kumi. Wa kumi alipaswa kuwa Elkana, mdogo wake marehemu. Godoro lake lilikuwa pale sakafuni kando ya la baba yake, blanketi limekunjwa vizuri kama la askari.

"Elkana yuko wapi?" nikauliza.

"Amelala chumba cha nyuma," Naftali akajibu. "Siku nne hajapata usingizi. Mwacheni."

"Basi nikamgongee jirani. Dakika mbili tu."

"Hakuna haja, Mori. Leo tusali hivyo hivyo."

Mori ni mwalimu. Ndivyo wazazi wetu waliotoka Yemeni walivyomwita anayeongoza sala, na ndivyo ninavyoitwa, ingawa kazi yangu hasa ni mizabibu. Nimesali na Naftali tangu hatujaota ndevu. Baba gani anakubali mwanawe akose kadishi kwa ajili ya dakika mbili? Nilimtazama. Alifungua kitabu cha sala na hakuinua uso tena.

Evyatar alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuwa akirudi kutoka mjini, amepakia miche ya zabibu, watu wakammiminia risasi kutoka kwenye mawe pale barabara inapokata kona. Hakuwa na ugomvi na mtu. Hatukumwosha. Kwetu aliyeuawa huzikwa na nguo zake na damu yake, kwa sababu damu ile ni sehemu ya mwili wake. Mimi ndiye niliyemfunga sanda, na nilitoka makaburini nina hasira ambayo sikuwahi kuijua. Nayasema haya ili mtu asidhani mimi ni mwema kuliko wengine.

Sala ilipokwisha nilitoka nje kupunga hewa. Saa moja na nusu hivi, nikamkuta Elkana kwenye bomba la uani, ananawa mikono. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama tunavyonawa tukitoka makaburini.

"Umetoka kaburini kwa kaka yako?" nikamuuliza.

"Nimetoka kulala, Mori."

Mfiwa kwetu havai viatu vya ngozi siku saba. Elkana alivaa buti. Soksi zilijaa miiba ya porini, na buti zilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo. Ilikuwa Agosti, mvua hatukuiona tangu Aprili. Nikajiambia labda bomba la banda la kuku linavuja. Nikajiambia mengi asubuhi ile.

Saa nne redio ikatoa habari. Mzee mmoja Mwarabu na mjukuu wake wa kike, miaka kumi na mmoja, wamepigwa risasi alfajiri walipokuwa wakinywesha mbuzi kwenye chemchemi ya bondeni. Wote wawili wamekufa. Wenye gari jeupe walionekana wakiondoka.

Elkana alikuwa amekaa kwenye godoro lake, anamenya yai. Hakuacha kumenya.

"Mungu anisamehe," akasema Gamliel, dereva wa lori la kijiji, "lakini mimi sitoi chozi."

"Mtoto wa miaka kumi na mmoja, Gamliel," mtu akanong'ona. "Ana kosa gani?"

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Nilisubiri mtu amkemee. Kisha nikakumbuka kwamba mtu huyo alipaswa kuwa mimi. Nikanywa kahawa yangu.

Wazee wetu wa kale walikuwa na desturi: maiti ikiokotwa porini na muuaji hajulikani, walitoka na kupima umbali mpaka mji ulio karibu zaidi, na wazee wa mji ule walisimama mbele za watu na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu ile. Nimewafundisha watoto desturi hiyo miaka thelathini. Kutoka chemchemi mpaka kijiji cha yule binti ni kilomita tatu. Mpaka kwetu hazifiki mbili.

Mchana akaja mpelelezi, mwanamke mrefu aitwaye Dorit Halfon. Alitupa pole, akakaa kwenye kiti kifupi kama sisi, akaangalia miguu ya watu kabla ya kuangalia nyuso.

"Asubuhi mlisali hapa?"

"Tulisali," akasema Naftali.

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi. Pasipo kumi tungesemaje kadishi, mama?"

Akawapitia mmoja mmoja. Kumi, akasema Gamliel. Kumi, akasema aliyekaa karibu naye. Neno lilizunguka chumba kama sahani ya karanga mpaka likanifikia.

"Na wewe, Mori?"

"Ndani ya siku saba mfiwa hahojiwi," nikasema. "Njoo matanga yakiisha."

"Wewe sikukuhesabu kwenye wafiwa," akasema. "Nitarudi kesho."

Alipoondoka, Naftali alinishika bega akalibana, nami sikujua kama ni shukrani au onyo. Tangu hapo kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Nilipokwenda kunywa maji, mtu alinifuata. Nilipoinuka kuaga, Gamliel akacheka kicheko kikavu: "Mori, njia ya nyumbani unaijua? Isije ikakupitisha kituo cha polisi."

Kabla sijafika mlangoni nikasikia naitwa kutoka nyuma ya pazia, walikokaa wanawake. Alikuwa Brakha, mama yake Evyatar. Wenzake aliwatuma jikoni wote.

"Mori, leo asubuhi sikusikia kadishi."

Nikarudi hatua moja karibu na pazia.

"Nilikaa hapa hapa nikisubiri kuitikia amina. Ndiyo kitu pekee ninachomfanyia mwanangu sasa. Sikuitikia. Nikadhani nimesinzia. Kisha nasikia baba watoto anamwambia yule mama mlikuwa kumi."

"Shemeji, tuna msiba..."

"Usinipake mafuta. Elkana alikuwa wapi?"

"Sijui."

"Hutaki kusema, au hujui?"

"Nashuku," nikasema.

"Mimi nimekuzidi. Buti zake hazipo mlangoni. Nimezikuta chini ya gunia la chakula cha kuku, zimeoshwa. Elkana hajaosha buti tangu azaliwe." Alishika ukosi wa gauni lake, pale ulipochanwa siku ya maziko kama ilivyo desturi yetu. "Wewe ulimzika Evyatar na damu yake. Ulinieleza mwenyewe: hakuna tone la kutupa. Ya yule binti je? Hiyo ndiyo ya kutupa?"

"Labda tumekosea, Brakha. Labda alikwenda kutembea tu."

"Ingekuwa heri. Kesho nitamuuliza."

Sikulala vizuri. Nilimshuku Elkana, nikamshuku Naftali, nikashuku hata machozi ya mama mtu. Zaidi nilijishuku mwenyewe, maana kulikuwa na upande wangu mmoja uliokuwa ukiomba mpelelezi asirudi.

Siku ya sita tulitimia kumi. Elkana alisimama kusema kadishi, kitabu mkononi. Kabla hajafungua kinywa, pazia likasogea, na Brakha akatoka miguu mitupu mpaka katikati ya wanaume.

"Kabla hujasema, mwanangu. Jana saa hizi ulikuwa wapi?"

"Kitandani, mama."

"Nani alikuona?"

Elkana akamtazama baba yake. Naftali akasema, "Mke wangu, rudi ndani. Hapa ni mahali pa sala."

"Ndiyo maana nauliza hapa. Elkana, niangalie mimi, baba yako muache. Ulikuwa wapi?"

Kijana alikuwa mrefu, mabega mapana kama kaka yake.

"Niliendesha gari tu," akasema.

Brakha akamsogelea.

"Walikuja rafiki zangu wawili wa mjini. Walisema tukawatishe Waarabu. Mimi niliendesha tu, mama. Nilishuka baadaye, na wao walikuwa wameshapiga. Nilifanya kwa ajili ya Evyatar."

"Evyatar alikutuma?"

"Sikujua kuna mtoto."

"Na ulipomwona?"

Elkana akaanza kufungua kitabu cha sala.

"Alikuwa hai?" Brakha akauliza. "Elkana! Alikuwa bado hai?"

"Alikuwa anaita babu yake," akasema, kisha akakaa sakafuni, na sisi wanaume tisa tukabaki tumesimama na vitabu vyetu.

Brakha akanigeukia. "Mori, mwite yule mama wa polisi."

"Ukimwita," akasema Naftali, "usikanyage tena mlango wangu. Mmoja wameniulia. Wewe unanichukulia wa pili?"

"Ulijua alitoka?" nikamuuliza.

"Sikuuliza."

"Baba Evyatar, mimi nami sikuuliza. Jana nzima sikuuliza."

Nikatoka uani nikapiga simu. Nilimwambia Dorit Halfon kwamba jana tulikuwa tisa, na kwamba nilikuwa nimemficha hilo. Hakunishukuru. Aliniuliza tu kama kijana ana silaha.

Ndani, Brakha alikuwa amekaa kwenye godoro la Elkana. Alimmenyea yai, akamlisha kwa vipande, na kijana alikula huku akilia. Polisi walipofika alimsindikiza mpaka kizingitini. Huko nje, mbele ya watu, Gamliel alitema mate karibu na kiatu changu na kusema, "Msaliti." Brakha akamsikia. "Gamliel," akamwambia, "ulikula kwangu siku sita. Nenda kwako."

Elkana aliwataja wale wawili siku ile ile.

Siku thelathini zilipopita, mimi na Brakha tulishuka kwenye kijiji cha akina Wiam. Ndilo jina la yule binti. Babu yake alikuwa mzee Fayez. Langoni alitusimamisha ami yake Wiam, mikono kifuani.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna," nikasema kwa Kiarabu cha wazazi wangu.

"Wapiga picha wako wapi? Watakuja saa ngapi?"

"Tuko wawili tu."

Alikagua gari, akafungua hata sehemu ya mizigo. Kisha akaingia ndani, akakaa sana. Tuliwekewa viti viwili vya plastiki chini ya ukuta, juani, na watu wakatuangalia kutoka madirishani. Mama yake binti, Nuha, alipotoka hakukaa.

"Wewe ndiye mama wa yule kijana?"

"Ndimi."

"Wanasema ulimtoa mwenyewe. Kweli, au walikuwa wameshamjua, ukaja kujitafutia sifa?"

"Nilimtoa mwenyewe. Nilichelewa siku moja."

"Unataka nikusamehe?"

"Hapana," Brakha akasema. "Nimekuja kwa sababu kuna jambo mwanangu alilisikia, na si haki nilijue mimi wewe usilijue. Binti yako alimwita babu yake. Hakuwa peke yake."

Nuha aliuegemea ukuta. Yule ami alipotaka kutufukuza, akamzuia kwa mkono.

"Ondokeni sasa," akasema mwishowe. "Msije tena hapa. Lakini siku za mahakamani uwepo. Nataka kukuona ukisikiliza."

Kesi ilichukua miezi kumi na sita. Brakha hakukosa hata siku moja. Alipanda basi mpaka Yerusalemu, akakaa safu ya nyuma, akasikiliza yote, hata yale ambayo mawakili waliwaomba wanawake watoke wasiyasikie. Wale wawili walihukumiwa kifungo cha maisha, Elkana miaka kumi na minne. Nuha aligeuka mara moja tu, hukumu iliposomwa, akamtazama Brakha kama anayehakiki kwamba bado yupo.

Waliomuua Evyatar hawajajulikana mpaka leo. Naftali hasemi nami. Kijijini mazishi sasa yanaongozwa na mtu mwingine, na nikiingia dukani mazungumzo hupungua. Brakha humpelekea Elkana chakula gerezani kila wanaporuhusu. Wiki iliyopita nilimuuliza wanazungumza nini huko.

"Namwambia anisimulie tena asubuhi ile," akasema. "Kila mara naona kama kuna kitu amekibakiza."