Usingizi wa Gaudencia

Miaka tisa ya ndoa sikujua kwamba ninakoroma. Naandika hivyo nikijua kwamba hakuna mtu wa mtaa wetu wa Burumba atakayeniamini, kwa sababu Burumba nzima ilijua.

Tulikaa katika chumba kimoja cha kupanga, kuta za udongo. Mimi nilikuwa karani wa ghala la pamba mjini Busia, na mke wangu Gaudencia aliuza samaki sokoni. Mwaka ule wa 1974 jirani yetu Syprose alikuwa akinisalimia hivi kila asubuhi: "Osukuku, lile lori lako limevuka Uganda au bado limekwama Malaba?" Nilidhani anauliza mambo ya ghala. Siku moja nilisimama nikamweleza kwa kirefu kwamba pamba yetu haivuki mpaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika mdomo, akakimbilia ndani kwake.

Gaudencia aliamka kabla yangu kila siku. Sikuwahi kufungua macho nikamkuta amefumba yake. Kazini nilijisifu kwamba nimeoa mwanamke wa bidii. Alipoanza kuhema akitoka bombani na maji, nikasema ni unene. Miguu yake ilipovimba, nikamnunulia viatu vikubwa zaidi. Kwenye mtihani wa kidato cha nne nilichora moyo wa binadamu, vyumba vyote vinne na mishipa yake, nikapata alama nzuri. Wa mke wangu sikuufikiria hata mara moja, mpaka siku alipoanguka sokoni kando ya beseni lake la samaki.

Nilimpeleka Nangina, kwenye hospitali ya misheni. Sista aliyempima alimfunga mpira wa kupimia presha mkononi mara tatu, kana kwamba haamini anachosoma. Kisha akauliza, "Mama, usiku unalala saa ngapi?"

Nikajibu mimi. "Huyu analala vizuri sana, Sista. Mimi ni shahidi."

"Wewe unajuaje?"

"Sijawahi kumsikia akigeuka."

Sista alimtazama Gaudencia. Gaudencia aliitazama miguu yake. "Kuna kelele kidogo pale nyumbani," akasema.

"Kelele gani?"

"Ni malori, Sista," nikamsaidia. "Sisi tunakaa karibu na mpaka."

Sista akaniomba nitoke nje. Nilikaa kwenye benchi na akina mama wajawazito, nikiwa bado na uhakika na malori yangu. Aliponiita tena alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Mtu akilala, alisema, presha yake inashuka na moyo unapunguza mwendo, ndiyo mapumziko yake. Moyo wa mama huyu haujapumzika kwa miaka. Unafanya kazi mchana, unafanya kazi usiku, na sasa umeanza kuchoka.

"Pengine kuna mambo mengine pia," alisema. "Vidonge nitampa. Lakini vidonge haviwezi kulala badala yake. Mzee, tafuta mahali pengine pa kulala."

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Hiyo "mzee" iliniuma kuliko yale mengine yote. Niuandike upumbavu wangu jinsi ulivyokuwa.

Usiku uleule nilihamisha mkeka kwenda jikoni, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Nililala kati ya mafiga na gunia la makaa, nikaamka na masizi usoni. Gaudencia akalala. Baada ya wiki mbili alikuwa anapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta.

Lakini kwetu mwanamume mwenye mke hawezi kulala jikoni, isipokuwa amefukuzwa. Habari zilifika Malaba kwa watu wangu na Rukala kwa watu wake. Jumamosi moja shemeji yangu Ochuodho akatokea na kapu la samaki, na amekwishaamua kwamba dada yake anarudi nyumbani. Saa moja baadaye akaingia Mzee Egwang, ndugu wa baba yangu, amekuja kunitetea kabla hajajua nimeshtakiwa nini.

"Kama mko pamoja, mlale pamoja, leo hii," Ochuodho alisema. "Kama hamko pamoja, nipe dada yangu niende naye."

Yote mawili yangemmaliza. Akirudi Rukala, mto ukifurika barabara inakatika, na vidonge viko Nangina. Nami nikirudi kitandani, yeye hatalala. Neno moja tu kutoka kwangu lingemaliza kesi. Karani mzima, mwenye cheti, niwaambie wakwe kwamba nakoroma! Nikanyamaza. Gaudencia naye akanyamaza, kwa kunificha aibu, na ile mishipa ya shingo yake ikawa inarukaruka.

Tukala kwanza. Baada ya ugali Mzee Egwang akaanza kunishauri. Ni mtu wa maneno marefu, alianza na ndoa ya babu yake. Chumba kilikuwa na joto, nimeshiba, na jikoni moshi ulikuwa haunipi usingizi wa maana. Nikafumba macho kidogo ili nionekane ninatafakari.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Syprose, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kualikwa. Anasema Mzee Egwang alipandisha sauti. Akaipandisha tena. Alipofika kwa mke wa tatu wa babu alikuwa anapiga kelele kama mnadi wa ng'ombe, kisha akashindwa, akakaa chini.

Ochuodho alikuwa amesimama. "Mzee, huyu mtu amekabwa?"

"Hapana," Gaudencia akasema. "Hiyo ni ya mchana. Ya usiku ina nguvu zaidi."

"Na wewe dada umelala na kitu hiki miaka tisa?"

"Sijalala nacho. Nimekaa nacho."

Nilipoamka watu wote walikuwa wananitazama, na Gaudencia anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. Nikasema, "Endelea mzee, nakusikia."

"Mwanangu," Mzee Egwang akasema, "wewe baki jikoni. Na ufunge mlango."

Ochuodho alituachia samaki wote, akaondoka bila dada yake.

Presha ilishuka, ingawa haikufika pale Sista alipotaka. Jumapili moja, saa mbili asubuhi, kengele ya kanisa ikalia na Gaudencia hajatoka nje. Hajawahi kuchelewa hivyo. Nikaingia mbio, nikamtikisa mabega, nikaita jina lake mpaka majirani wakasikia.

Akafungua jicho moja. "Karani, kuna nini?"

"Nilidhani umekufa."

"Nilikuwa nimelala. Watu wakilala huwa hivi." Akavuta shuka. Alinisema mpaka jioni, na nikaapa mbele ya Syprose kwamba sitamwamsha tena maishani.

Akapata miaka mitatu ya namna hiyo. Hata mimi mwenye cheti najua kwamba tisa ni zaidi ya tatu.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, 1977. Nilichemsha chai, nikaifunika, nikatoa kiti nikakaa mlangoni. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara uani, nikawafukuza wakachezee mbali. Syprose akaja kuomba chumvi. "Mama hajaamka?"

"Punguza sauti," nikamwambia. "Amelala."

Saa nne akapita tena, nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Nililinda ule mlango mpaka saa sita mchana, nikijiona mume mwema.