Karata Zisizoguswa na Mkono

Musyoka aliileta mashine ya kuchanganya karata mwezi wa pili mwaka wa 1986. Aliinunua Malili, ambako alikuwa na duka, kutoka kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa amemaliza kazi ya barabara na anauza kila kitu mpaka mapazia. Lilikuwa sanduku la plastiki la rangi ya kahawia, urefu wake kama mkate. Unaweka nusu ya karata upande wa kulia, nusu upande wa kushoto, unabonyeza. Mota inalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Magurudumu mawili madogo ya mpira yanavuta karata kutoka chini, moja huku, moja kule, na zinaangukia katikati zikiwa zimechanganyika.

Tulikuwa tukicheza nyumbani kwake kila Jumapili baada ya ibada, pazia limeteremshwa, kwa sababu katika kanisa letu la Kilungu karata zilihesabiwa pamoja na pombe. Zamani tulikuwa wanne. Jonah alipofariki tukabaki watatu: Musyoka, shemeji yake Nzomo, na mimi. Tulicheza poka ya kwetu, ile ya kufuatisha maua au namba, na ukibakisha karata moja lazima useme "niko kadi" la sivyo unaokota nyingine. Aliyefungwa alileta sukari Jumapili iliyofuata. Hatukuwa watu wabaya, nadhani.

Mimi ni fundi wa redio. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuifungua redio ya marehemu baba na kuifunga tena mpaka ikaongea. Ndiyo sababu ilipofika mwezi wa tano nilikuwa nimeona kile ambacho wenzangu hawakukiona. Mpira wa gurudumu la kushoto ulikuwa umelika, unateleza. Upande wa kulia ulikuwa unamaliza karata zake wakati upande wa kushoto bado una rundo, kisha rundo lile linaingia lote pamoja na kukaa juu, kwa mpangilio ule ule uliouweka. Nilijaribu mara kumi na kuandika katika daftari langu la kazi. Mara tisa ilikuwa hivyo.

Nilimwambia Musyoka. Nikamwambia pia kwamba ni kazi ya dakika kumi, kipande cha tyubu ya baiskeli na gundi.

"Kwani hapa tunacheza fainali ya nini, Fundi?" akasema akicheka. "Iache hivyo. Si tunakata?"

Ilikuwa kweli. Kwetu mashine ikimaliza, anayekaa kushoto anakata karata, anachukua fungu la juu na kuliweka chini, na mpangilio unavunjika. Nikaona hakuna shida. Nikaiacha.

Sasa nieleze habari ya mwethya, kwa watakaosoma wasiotoka kwetu. Mwethya ni kikundi cha kazi. Cha kwetu kilikuwa na mashamba kumi na mawili, wanawake wengi na wanaume wachache, na mwenyekiti wake alikuwa Musyoka. Tulikuwa tukichimba matuta ya fanya juu: mtaro unakatiza mteremko kwa usawa, na udongo wake unatupwa upande wa juu, ili mvua isiubebe udongo mzuri kwenda mtoni. Shamba moja lilichukua wiki mbili. Tangu mwezi wa nane mpaka mvua za mwisho wa mwaka, tungeweza kumaliza mashamba sita, tukijitahidi sana. Wa saba mpaka wa kumi na mbili walibaki na mlima wao na Mungu wao.

Syombua, mjane wa Jonah, alikuwa ameangukia namba tisa mwaka uliotangulia. Mvua ilimfungulia korongo kutoka kwenye njia ya juu hadi karibu na jiko lake. Shamba la Jonah ni mteremko kama paa. Kila mtu aliyepita pale alijua kwamba mvua nyingine moja ingeondoka na nusu ya chini, ile yenye udongo mweusi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha yeye na watoto wanne.

Miaka yote tulipiga kura kwa kibuyu. Unaingiza mkono, unatoa punje ya mahindi iliyokwaruzwa mistari, na idadi ya mistari ndiyo namba yako. Lakini kulikuwa na manung'uniko kwamba wengine walikuwa wakipapasa mistari kwa kucha. Mwezi wa nane Musyoka akasimama mbele ya kikundi, uani kwake, akaweka mashine juu ya kiti. Akasema mwaka huu hakuna kupapasa. Kila mtu atapewa karata moja kutoka juu, kwa kufuata majina ya daftari, mwenye karata kubwa atachimbiwa kwanza.

Wanawake wa kanisa walinung'unika. Ndila, mama Kilonzo, ambaye ndiye aliyetuongoza shambani na nyimbo zake, alisema wazi kwamba hawezi kupokea matuta kutoka kwa kamari. Musyoka alikuwa na jibu, na lazima niseme lilikuwa jibu zuri. Karata zikichanganywa na mkono wa mtu ni kamari, alisema, kwa sababu mkono una tamaa. Zikichanganywa na mashine ni kura, kama zile za kwenye Biblia. Hakuna mkono utakaozigusa.

Nilitazama nyuso. Jibu lilikuwa limewaingia. Hata mimi lilinipendeza.

Ndila akanigeukia. "Baba Ndinda, wewe hufungua vitu. Ifungue hii tuone. Kuna mkono wa mtu humo ndani?"

Nikatoa bisibisi mfukoni, nikaifungua mbele yao. Niliwaonyesha mota, betri, magurudumu. Niliona mpira wa kushoto uking'aa kwa kulika. Na nikajibu nilichoulizwa. Nikasema, "Hakuna mkono wa mtu. Mashine haimjui yeyote."

Nilidhani tutakata. Tangu siku ile nimejirudia mara nyingi neno hilo, kwamba nilidhani tutakata, na halijanisaidia.

Musyoka akaingia ndani kuchukua karata. Akarudi nazo zikiwa mafungu mawili tayari, moja kila mkono. Akayaweka, akabonyeza. Mashine ilipotulia, Nzomo kwa mazoea akanyoosha mkono akate. Musyoka akaupiga ule mkono. "Mkono!" akasema, na wanawake wakacheka sana.

Hapo nikajua. Sikushuku, nilijua, kama ninavyojua waya uliokatika.

Musyoka alikuwa wa kwanza katika daftari. Akapata mfalme. Nzomo akapata mfalme mwingine. Mimi wa tatu, nikapata malkia. Nilishika karata ile nikijiambia kwamba huenda ni bahati, kwamba mtu hahukumiwi kwa kudhaniwa, kwamba nitamuuliza tukiwa wawili. Mimi ni mtu wa kuhukumu polepole. Watu hunisifu kwa hilo. Wakati huo karata zilikuwa zikiendelea, ndogo kwa kubwa, mpaka mwisho wa daftari. Jonah alikuwa wa nne zamani. Alipokufa jina lake lilifutwa, na la mkewe likaandikwa upya chini kabisa. Syombua akapata mbili ya shupaza, na hakuna kitu kidogo kuliko mbili. Namba kumi na mbili.

Aliirudisha ile karata kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Siku nne baadaye nilimkuta shambani kwake asubuhi. Alikuwa akibeba mawe kutoka juu na kuyapanga katika korongo, peke yake, na mtoto mgongoni. Nilimsalimia. Nilitaka kusema, nikatafuta pa kuanzia.

"Usinionee huruma, Baba Ndinda," akasema. "Ingekuwa ni mtu amenipanga mwisho, ningemchukia mpaka niugue. Lakini uliifungua tukaona. Mashine haina chuki. Nimeomba nipewe moyo wa kukubali, na nimepewa."

Akainama kuchukua jiwe lingine.

Kutoka pale hadi kwangu ni mwendo mfupi, lakini nilizunguka kwa njia ya mtoni ili nisikutane na mtu.

Jumapili nilikwenda kwa Musyoka kama kawaida. Chai ilikuwa mezani na Nzomo alikuwa ameketi. Sikuketi. Nilichukua karata, nikaweka nyekundu zote kushoto, nyeusi zote kulia, nikabonyeza. Kisha nikazigeuza kutoka juu, moja moja. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nilihesabu kumi na tano kabla ya nyeusi ya kwanza kutokea. Nzomo aliacha kikombe hewani.

"Sasa?" Musyoka akauliza.

"Ulizipanga."

"Na wewe ukapewa malkia. Mbona hukumkataa pale pale?" Alikuwa akikoroga chai yake bila haraka. "Uko namba tatu, Fundi. Mwezi wa tisa matuta yako yatakuwa tayari. Nenda basi uwaambie wale wanawake wakutoe. Waambie pia ni nani aliyewahakikishia."

Nikamwambia Jonah alikuwa ameketi kwenye kiti kile miaka sita. Nikamwambia tulimzika pamoja, tukishika kamba moja ya jeneza.

"Jonah alikuwa mtu mzuri wa karata," akasema. "Lakini shamba lile limekwisha. Kuchimba pale ni kumpaka maiti mafuta."

Nzomo alisema, "Shemeji," kwa sauti ndogo.

Sijawahi kumpiga mtu. Nilijua kabisa ni wapi ningempiga. Badala yake nilichukua mashine pamoja na karata, nikaziweka kwapani na kutoka, na Musyoka akacheka nyuma yangu akisema kwamba sasa Fundi ameamua kuitengeneza.

Jumatatu saa moja asubuhi kikundi kilikuwa shambani kwa Musyoka, jembe begani, tayari kuanza wiki ya kwanza. Niliweka mashine juu ya jiwe. Nikawaomba wasogee. Nilifanya kama nilivyofanya Jumapili, polepole, nyekundu kushoto, nyeusi kulia, mara tatu mfululizo, na mara zote tatu nyekundu zikaja juu. Nikawaonyesha mpira uliolika. Nikawaeleza kwamba kukata kungelivunja lile fungu, na kwamba ndiyo sababu mkono wa Nzomo ulipigwa. Musyoka alisimama kando akisema huu si mkutano, mkutano una siku yake, lakini hakuna aliyemtazama.

Ndila ndiye aliyeongea. "Ulijua lini kuhusu huu mpira?"

"Mwezi wa tano."

"Kabla ya kura."

"Kabla ya kura."

"Na tukakuuliza."

Nikasema waliuliza kama kuna mkono wa mtu ndani. Maneno yalipotoka nilitamani niyameze.

"Usinichezee, Baba Ndinda," akasema. Hakupandisha sauti. "Mtu akikuuliza kama kuna nyoka kitandani, na wewe unamwona kwenye paa juu ya kile kitanda, utamwambia kitandani hakuna, alale?"

Wanawake wale walikuwa wamekasirika, na ilinishangaza kuona hasira yao haikwenda kwa Musyoka. Kwa Musyoka hawakutegemea kitu. Mmoja alitema mate karibu na viatu vyangu.

Syombua akapita katikati yao mpaka mbele yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa shukrani, naona aibu kuliandika hili, lakini nilikuwa nimejiandaa.

"Wiki nzima nimefunga," akasema. "Nimefunga chakula nikiomba nikubali. Ulikuja ukanikuta na mawe, ukasikia nikisema nimekubali, ukaondoka. Kumbe nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa kazi ya Musyoka." Akalihamishia jembe bega la pili. "Afadhali ungekaa na malkia wako."

Akageuka. Ndila akainua jembe begani, wengine wakafuata, wakateremka kwa njia ya kwenda kwa Syombua. Nyimbo hazikuimbwa. Musyoka alibaki shambani kwake akiwa amesimama katikati ya kamba na vigingi alivyokuwa amepimia. Nzomo alisita kidogo, kisha akachukua jembe lake na kuwafuata. Mimi pia nilifuata. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenipa nafasi kwenye mstari. Nilichimba mwishoni, peke yangu, kwenye mawe.

Tulichimba kwa Syombua wiki mbili. Kisha kibuyu kikarudi, na majina matatu hayakuingizwa. Ndila aliyaandika mwenyewe: Nzomo namba kumi, Musyoka kumi na moja, na mimi, Muthama, kumi na mbili. Nilikubali. Musyoka alijitoa kwenye kikundi na kulipa vibarua wachimbe shamba lake. Wakamaliza kabla ya mashamba mengine yote. Bado ninaweza kukasirika nikikumbuka, nikiwa katikati ya kazi, mpaka ninaweka chuma cha kulehemu chini.

Mvua ilianza mwisho wa mwezi wa kumi. Usiku mmoja na asubuhi yake, shamba langu la chini lilifunguka na kwenda mtoni, mbaazi na udongo wake, maji mekundu kama chai ya mgonjwa. Nilisimama nikilitazama likienda. Mvua ilipopungua nilivaa buti nikaenda hadi kwa Syombua, nikiwa na koleo.

Matuta yalikuwa yamejaa maji mpaka ukingoni na hayakuvunjika hata moja. Syombua alikuwa katikati ya shamba, magoti kwenye matope, akirekebisha mahali ambapo maji yalitaka kupita. Aliniona. Akanisalimia kama mtu anavyomsalimia mtu njiani, akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akatazama koleo langu, akarudi kwenye kazi yake.

Nilisubiri kidogo pale kwenye uzio. Hakusema niingie.