Neno Alilozikwa Nalo Lionel

Marehemu mume wangu, Lionel, alikuwa na ugonjwa wa kubuni mauaji. Alimwua Bwana Tuke, mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, akamtupa katika bwawa la Little Stowby, kisha akapigilia vibao vya ushahidi katika vijiji vitatu ili wapita njia wamsake muuaji wenyewe. Mwisho wa njia, barazani mwa kanisa la Marfold, aliweka sanduku la chuma lenye kufuli la herufi. Ukilipata neno, linafunguka. Neno hilo alizikwa nalo.

Tangu mazishi hakuna aliyelifungua. Kamati ya vijiji ikatangaza kwamba Jumatatu vibao vinang'olewa, maana fumbo lisilo na jibu ni utapeli. Iliniuma kweli, kwa kuwa mwandiko wa Lionel haukubaki popote pengine. Jumapili nikavaa buti, nikamchukua Beryl, dada yake.

"Leo ndiyo umekumbuka kutembea?" akaanza. "Kaka yangu alikubembeleza mpaka akachoka."

"Okoa pumzi, wifi. Kuna mlima mbele."

"Na nyuki wako umeshawaambia kwamba amekufa?"

Nikajifanya nafunga kamba za buti.

Kibao cha Little Stowby kilisema mtunza bustani aliuona mwili adhuhuri. Mpaka saa hiyo nyumba nzima ilidhani bwana yuko kitandani. Great Stowby, ukutani mwa baa, mpwa wa Bwana Tuke alijitetea kwamba usiku ule alikuwa amelewa chakari. Beryl akashauri tuingie tuhakikishe kama bia ya pale inalevya. Tukahakikisha.

Langoni mwa kanisa la Marfold tukakuta maneno ya mpishi wa Tuke, Dorcas: "Niliamka, nikafunga kitambaa cheusi mizingani, nikapika uji wa asubuhi. Zaidi ya hapo sijui kitu." Chini yake Lionel ameuliza: Nini kilimsaliti muuaji?

"Uji huo," akasema Beryl. "Una sumu."

"Neno uji limejaribiwa na kila mtu mpaka kasisi."

Nikasoma tena, polepole. Kwetu mtu akifa, nyuki wa nyumba huambiwa kabla ya jirani. Unagonga mzinga kwa ufunguo wa mlango, unamtaja marehemu, unafunga kitambaa cheusi. Ukiwaficha, wanahama. Dorcas alifanya hivyo kwa mazoea, kama anavyofagia jiko. Lakini alifanya kabla ya uji, na mwili ulionekana adhuhuri.

"Wifi," nikasema, "huyu mpishi aliwaambia nyuki habari ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo."

Beryl akanitazama, akakitazama kibao. "Lionel huyu huyu," akasema, "aliyekuwa anapoteza miwani ikiwa usoni?"

Nikazungusha herufi za neno nyuki. Kufuli likaachia.

Ndani hamkuwa na cheti wala zawadi. Mlikuwa na ukanda wa kitambaa cheusi, umefuliwa, umekunjwa vizuri. Niliutambua kwa mshono wake uliopinda, maana ni mshono wangu. Asubuhi aliyokufa mama mkwe niliuchana kutoka bitana ya koti langu, nikaenda mizingani kusema, "Mama amefariki." Nikigeuka, Lionel yuko nyuma ya ua, ametoka stesheni na begi mkononi. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba mama yake hayupo tena. Hatukulizungumza kamwe. Kitambaa kilipopotea niliulaumu upepo.

Nilistaajabu mpaka nikakaa chini. Miaka yote ile mtu nalala naye, nampikia mayai, kumbe amekitunza. Halafu akakijengea njia ya vijiji vitatu.

Beryl alikuwa analia bila kujificha. "Kitie mfukoni, wifi. Ni chako."

Nilitaka sana. Lakini nikakikunja, nikakirudisha, nikafunga sanduku.

"Anayekuja kesho naye akute kitu," nikamwambia. "Twende kwa kamati, wakaache nyundo zao nyumbani."

Jioni, kabla ya kuvua buti, nilichana upande wa pili wa bitana ya koti lile lile. Nikachukua ufunguo wa mlango, nikashuka bustanini, nikagonga mzinga wa kwanza.

"Lionel amekufa," nikawaambia. Sikuwa nimewahi kulisema hilo kwa mdomo wangu. Kisha nikagonga wa pili.