Mlezi Haulizi

Usiku wa kuamkia leo niliota, na ndoto zangu mimi hazianguki chini. Mwaka jana niliota mvua, ikanyesha. Ni kweli ulikuwa mwezi wa Aprili, na ilishaanza kunyesha kabla sijalala, lakini ikanyesha.

Niko jikoni kwangu Muheza, nachambua mchele wa mtu mmoja, kazi isiyochukua muda. Fomu ya chuo inaingia kupitia dirishani, inapangusa miguu, inaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi.

Ikaniuliza kama mimi ndiye bibi yake Hidaya. Nikasema ndiye, nimemlea tangu ana miezi minane. Sasa yuko chuoni Dodoma, nahodha wa timu ya chemsha bongo, na tangu apewe huo unahodha, wakati wa Ramadhani, sijaisikia sauti yake.

Fomu ikanieleza kwamba wanafunzi wanaiendesha timu wenyewe, ila sheria inataka wawe na mlezi, na walimu wote wana shughuli.

"Kazi yenyewe ndogo, bimkubwa. Mlezi anatia sahihi, haulizi kitu, haonekani."

"Huko chuoni mnalea kwa kalamu?"

"Una uzoefu?"

"Wa kutoonekana? Tangu Ramadhani naifanya bure."

Nikaandika jina langu lote, Mwanakombo binti Sefu, maana darasa la saba nilimaliza na mwandiko wangu mwalimu aliutaja mbele ya darasa zima. Alisema ni kuku aliyekanyaga wino, lakini aliutaja.

Nilipoinua kalamu, vidole vya miguu vikatoweka. Fomu ikasema nisijali, ndio utaratibu.

Jikoni sasa ni ukumbi wa chuo. Ungo bado ninao mkononi.

Hidaya na wenzake watatu wameketi kwenye benchi, na benchi linatembea. Dereva hakuna. Likifika kwenye kona linapiga honi.

"Timu inajiendesha yenyewe," Fomu inaninong'oneza.

Jukwaani kuna sufuria juu ya mafiga, na ndani yake bongo nne zinachemka, zimeshatoa povu. Mimi siwezi kupita kwenye sufuria ya mtu nikanyamaza. Nikauliza kama zimetiwa chumvi.

Kengele ya mezani, ile wanayoibonyeza mtu akijua jibu, ikalia yenyewe: ti.

"Mlezi haulizi," ikasema, na magoti yangu yakaondoka.

Nikamtazama Hidaya. Amekonda, shingo imekuwa ya korongo. Nikajizuia, nikahesabu punje za mchele kwenye ungo, nikafika kumi na nne, nikashindwa. Nikamuuliza kama amekula.

Ti. Kiuno kikaenda. Na Hidaya mwenyewe hakusikia, benchi lilikuwa linarudi nyuma.

Kengele ikatangaza swali la mwisho, la kikombe.

"Mlezi wenu mlimpigia simu lini?"

Wenzake wakamgeukia nahodha. Hidaya akabonyeza.

"Jana."

Sufuria ikaacha kuchemka. Kengele ikanigeukia mimi, ikataka nithibitishe. Fomu ikaninong'oneza sikioni: nikisema kweli, watoto wanakosa kikombe, nikisema uongo, kipande changu kilichobaki nacho kinaondoka. Hidaya ananitazama, mara ya kwanza tangu niingie. Anatazama pale ambapo miguu yangu ingekuwepo.

"Jana," nikasema. "Tuliongea mpaka salio likaisha."

Kengele ikalia mara mbili, moja ya uongo wake, moja ya uongo wangu. Lakini neno la mlezi halina rufaa, wakapewa kikombe.

Nikaanza kuondoka kutoka tumboni kwenda juu, kifua, mabega, mdomo. Nikabakiza masikio. Nikamsikia Hidaya katikati ya makofi anauliza, "Bibi yuko wapi?" Nami sina kinywa cha kumwambia nipo hapa.

Nikaamka jua limeshachomoza. Vidole kumi, vyote vipo. Ungo uko ukutani. Simu inaita.

Ni Hidaya. Akaniambia jana wamechukua kikombe, na mwalimu waliyeandikiwa kuwa mlezi hakuja hata kuwaona. Nikampongeza.

"Nilikupigia jana, Bibi," akasema. "Hukupatikana."

Nyuma yake kitu kikalia: ti.

"Nini hicho?"

"Kengele ya timu. Sijui imeharibika, hakuna aliyeigusa."

Akavuta pumzi. "Sikukupigia, Bibi. Jana wala juzi. Nisamehe."

Nikamwambia asijisumbue, mjukuu wangu, mimi hata sikugundua. Tangu Ramadhani nyumba imejaa wageni, nakosa pa kukaa.

Kule Dodoma, kengele ikalia tena.