Mfumo wa Zamani Wahamia Sebuleni

Jumamosi, saa nane mchana, Fundi alimaliza kushona vifungo kwenye sare ya mwisho, akaokota vipande vya uzi mezani, akanawa mikono na kusali sala fupi ya kuomba akili. Kisha akafungua kikopo cha vifungo na kutoa humo flashi aliyopewa na mwalimu wa masomo ya jioni. Wanafunzi wote kumi na wanne walikuwa wamepewa. Mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoshikizwa kwa waya, aliwaambia darasani, "Humu mna Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ni ya bure na haina maringo. Chomekeni, washeni, mjibu maswali. Kompyuta si mume, jamani. Ikikushinda, unabadilisha."

Darasa zima lilicheka. Fundi naye alicheka, ila kwa adabu, kwa kuwa mume wake alikuwa mtu mwema.

Usajili wa mtihani wa sekondari ulikuwa unafungwa siku hiyo hiyo, saa kumi na mbili jioni. Fundi alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa kujaza fomu. Mara tatu jina lake halikutoka. Aliyapokea kama mapenzi ya Mungu, akarudi kwenye dawati lake la mbele. Sasa kompyuta ya nyumbani, iliyotumia mfumo mmoja kwa miaka kumi na moja, ilikuwa tangu Jumatano inaandika "Tafadhali subiri". Naye alikuwa amesubiri, maana ndivyo alivyolelewa kwao.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Fundi akiandika chochote kwenye kompyuta, kitufe cha mwisho alikibonyeza mumewe. Mumewe alikuwa karani mstaafu, mtu aliyegonga mihuri miaka thelathini, na mpaka leo aliitwa Karani hata na mkewe. "Wewe una vidole vya sindano," alizoea kusema. "La mwisho niachie mimi." Fundi aliona ni msaada. Fomu zote tatu aliziandika mwenyewe, neno kwa neno. Karani alivuta kiti, akabonyeza, akasema, "Haya, imekwenda hiyo." Na Fundi akaenda chumbani kupiga magoti kushukuru.

Mchana huu Karani alikuwa amejilaza baada ya chakula. Fundi hakutaka kumwamsha. Akachomeka flashi, akawasha. Linux ikamuuliza lugha, akachagua Kiswahili. Ikamuuliza yuko upande gani wa dunia, akapatafuta kwenye ramani, akafurahi kupakuta. Ikamuuliza kama mfumo wa zamani ufutwe pamoja na vyote vilivyomo. Fundi alimtaja Mungu, akabonyeza "Ndiyo".

Mfumo wa zamani alitoka baada ya dakika nne. Alitanguliza kiatu, kwa upande wa nyuma wa kompyuta penye feni, kikafuata kiatu cha pili, shati jeupe, tai ya buluu, na mwisho mabegi saba. Alikuwa na vumbi jingi. Fundi alimpa kitambaa cha kujifutia.

"Pole na safari, baba. Karibu kiti."

"Ahsante, mama. Tafadhali subiri." Akasimama kimya dakika mbili, ndipo akakaa.

Alikunywa maji glasi tatu. Mle ndani mlikuwa na joto, alisema. Fundi alimuuliza kama ana pa kufikia. Hakuwa napo. Wenzake wakitolewa huenda kwa ndugu zao, lakini ndugu zake wote walikuwa bado kazini.

"Na mabegi yote haya?"

"Vitu vyenu. Vile mlivyovifuta."

"Si ulisema vimefutika?"

"Nilikuwa nasema tu, mama. Sijawahi kutupa kitu."

Wakayafungua pamoja. La kwanza lilikuwa na picha arobaini na mbili za harusi ya shemeji, zote zimepigwa miguu. La pili lilijaa michezo ya karata ya Karani, elfu sita na mia nne, naye alishinda mia tisa. Katika la tano mlikuwa na fomu tatu za mtihani, zimenyooka kana kwamba zimepigwa pasi. Chini ya kila moja paliandikwa: "Imeghairiwa na mtumiaji." Palikuwa na tarehe na saa. Fundi alisoma kama alivyofundishwa darasani, taratibu, mpaka kwenye nukta. Ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja na dakika nne jioni. Ya pili na ya tatu zilikaribia hapo hapo. Zilikuwa ni dakika zile alipokuwa chumbani, amepiga magoti.

"Mtumiaji ni nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mwenye kidole, mama. Nilimuuliza kama ana uhakika. Mara zote tatu nilimuuliza."

Karani akatokea mlangoni akijikuna tumbo.

"Kumbe tuna mgeni?"

"Ni mfumo wa zamani," Fundi alisema. "Ametoka."

"Aa. Ndiyo maana feni imenyamaza." Akampa mgeni mkono. Kisha akaziona fomu mezani, akaenda dirishani kutazama kama kuna mvua. Hapakuwa na mvua. "Mzee mwenzangu," alisema akiwa bado amewapa mgongo, "ya ndani si hutunzwa ndani?"

"Nimeyatunza," mgeni alijibu. "Yote haya hapa."

"Kwa nini, baba watoto?" Fundi aliuliza.

"Nilikuhurumia. Mtihani ni mgumu. Ungefeli, ungelia."

"Ningelia kilio changu mwenyewe. Na kama ningefaulu?"

Karani aligeuka. "Umri huu? Kwani cherehani inadai cheti?" Kisha akauliza kama kuna chai.

Chai ilikuwepo, ndani ya chupa, palepale ilipokaa kila siku. Fundi alimuuliza mgeni kama fomu zile bado zinaweza kutumwa. Mgeni akasema haziwezi. Miaka yake imeshafungwa.

Saa kumi na nusu Linux ilikuwa tayari. Skrini ilikuwa safi kama kitambaa ambacho mkasi haujakigusa. Ilimtaka achague neno la siri, akaandika.

"Umeandika nini hapo?" Karani aliuliza nyuma yake, kikombe mkononi.

"Neno la siri."

"Na mimi siambiwi?"

"Kunywa chai, Karani, inapoa."

Alijaza fomu kwa saa nzima na zaidi. Mtandao ulikatika mara mbili, mara mbili akamwomba Mungu, ukarudi. Zilipobaki dakika kumi, Karani alivuta kiti, kidole kiko tayari.

"Haya sogea, nimalizie."

Fundi hakusogea. Kidole cha Karani kilibaki hewani, hakina kazi.

"Je, una uhakika?" mgeni aliuliza kutoka kwenye kochi. Hakusema anamuuliza nani.

Fundi akabonyeza. Skrini ikaandika "Imepokelewa", na chini yake namba ya mtahiniwa. Safari hii hakwenda chumbani kupiga magoti. Alishukuru palepale kwenye kiti, macho wazi, akiitazama ile namba.

Mgeni alipewa kiti cha kona, na yupo mpaka leo. Si msumbufu. Ila kila Jumatano hunyamaza katikati ya sentensi, akainamisha kichwa, na baada ya robo saa huinuka na kumsalimia kila mtu upya. Karani humwonyesha karata, naye humhesabia anavyoshindwa. Majirani wakipita, Karani huwaambia, "Mwaka huu tumejisajili." Hajaomba radhi. Fomu tatu zimo ndani ya kikopo cha vifungo, zimekunjwa ndogo.

Jioni husali pamoja, wote watatu. Fundi ndiye anayeongoza. Anapofika pale pa kuwasamehe waliomkosea, mgeni hufungua jicho moja.

"Je, una uhakika?"

Karani hukohoa. Fundi huvitazama vidole vyake vya sindano, vimefumbatana mapajani.

"Nikumbushe kesho," husema.

Na kesho yake, bila kukosa, mgeni humkumbusha.